Msaidizi, Ndugu na Parani: Hoja ya Utabiri Kutoka Pwani Hadi Ruhwa

Hoja ya kwamba ujio wa Mtume Muhammad ulitabiriwa katika Taurati na Injili ilifika bonde la Mto Rusizi ikiwa imevaa Kiswahili. Ruhwa ni kituo cha mpakani kusini mwa wilaya ya Rusizi, eneo lililojulikana zamani kama Cyangugu, ambapo barabara itokayo Bujumbura huvuka Mto Ruhwa na kuelekea Bugarama na Kamembe. Ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Nyumbani watu husema Kinyarwanda au Kirundi. Kiswahili ni lugha ya soko, ya madereva wa malori na ya msikiti, na katika Rwanda yote neno "Mswahili" kwa muda mrefu lilimaanisha Mwislamu, awe ametoka pwani au amezaliwa katika mtaa wa Biryogo, Kigali. Ndiyo maana historia ya mjadala huu katika bonde hili haiwezi kuanzia bondeni. Inaanzia kwenye maandiko yenyewe, inapitia Unguja, Tabora na Ujiji, kisha inapanda na Ziwa Tanganyika.

Msingi wa hoja umo ndani ya Kurani. Aya ya 157 ya sura ya saba inamtaja Nabii asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye Mayahudi na Wakristo wanamkuta ameandikwa katika vitabu vyao. Aya ya sita ya sura ya 61 inasimulia kuwa Isa alibashiri mtume atakayemfuata, ambaye jina lake ni Ahmad. Kurani haikutaja ni sura gani ya Biblia wala mstari gani. Kazi hiyo iliachiwa wanazuoni, na wao waliianza mapema. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira aliyefariki karibu mwaka 767, tayari alikuwa akinukuu maneno ya Yesu kuhusu Msaidizi katika Injili ya Yohana na kuyaelekeza kwa Muhammad.

Miaka michache baadaye, karibu mwaka 781, Khalifa al-Mahdi alimkalisha Baghdad Timotheo wa Kwanza, Patriaki wa Kanisa la Mashariki, akamuuliza maswali ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini wa Kariakoo, Dar es Salaam, angeyatambua mara moja. Je, Msaidizi si Muhammad? Na yule mpanda ngamia wa Isaya 21:7, anayefuatana na mpanda punda, ni nani? Timotheo alijibu kuwa Msaidizi ni Roho Mtakatifu, na kuwa wapandaji wale wawili ni wafalme wa Umedi na Uajemi, Dario na Koreshi. Alikiri hata hivyo kwamba Muhammad alikwenda katika njia ya manabii, kwa kuwa aliwatoa watu wake kwenye masanamu. Mjadala ule ulikuwa wa adabu kuliko mingi iliyoufuata.

Karne moja haikupita kabla Ali bin Rabban al-Tabari, tabibu aliyezaliwa Mkristo akasilimu, hajakusanya makumi ya vifungu vya Biblia katika kitabu chake *Kitab al-Din wa al-Dawla*. Orodha inayotumika hadi leo kwa sehemu kubwa ni urithi wake. Ibn Hazm wa Kordoba, katika karne ya 11, alishika njia nyingine: badala ya kutafuta ushahidi ndani ya Biblia, alionyesha migongano yake ili kuthibitisha kuwa imepotoshwa. Njia hizi mbili hazikai pamoja kwa urahisi, maana kitabu kilichoharibiwa hakifai sana kuwa shahidi. Wahubiri wa baadaye walizibeba zote mbili katika mkoba mmoja. Jibu lao la kawaida ni kwamba ukweli fulani ulinusurika upotoshaji, na Kurani ndiyo mizani ya kuupima.

Mayahudi nao waliingizwa. Samaw'al al-Maghribi, Myahudi aliyesilimu mwaka 1163, alikwenda kwenye ahadi ya Ismaili katika Mwanzo 17:20. Huko neno la kukazia limerudiwa mara mbili kwa Kiebrania, *bimeod meod*, na hesabu ya herufi zake ni 92, sawasawa na hesabu ya herufi za jina Muhammad. Mwaka 1172 Musa bin Maimun, anayejulikana zaidi kama Maimonides, aliwaandikia Mayahudi wa Yemeni waliokuwa wakibanwa na hoja hiyo pamoja na ile ya Parani inayoelezwa hapa chini, akizikataa zote. Afrika Mashariki upande huu wa mjadala ulibaki mtupu: vitabu vya Mayahudi vilipiganiwa na watu wawili huku mwenye kitabu hayupo barazani. Abayudaya wa Mbale, wafuasi wa Semei Kakungulu aliyeshika Uyahudi mwaka 1919 kwa kusoma Biblia mwenyewe, hawakuwa sehemu ya ubishi huu.

Vifungu vinavyogombaniwa si vingi, na vinne au vitano ndivyo vinavyobeba uzito. Cha kwanza ni Kumbukumbu la Torati 18, ambapo Mungu anamwahidi Musa nabii kama yeye kutoka kwa ndugu za Waisraeli. Mhubiri wa Kiislamu hulishika neno "ndugu". Ndugu wa Waisraeli, husema, ni wana wa Ismaili. Kisha hupanga mifanano: Musa alizaliwa na baba na mama, alioa, alitunga sheria, aliongoza watu vitani, alikufa akazikwa. Muhammad vivyo hivyo. Yesu je? Mkristo hujibu kwa sura iliyotangulia, ya 17, ambako Israeli wanaamriwa kumweka mfalme kutoka kwa ndugu zao, wala si mgeni. Hakuna aliyewahi kuelewa kuwa mfalme huyo angetoka Uarabuni. Huongeza kwamba Petro, katika Matendo 3, aliyasoma maneno hayo kuwa ni ya Kristo. Mwislamu naye hurudi na Kumbukumbu la Torati 2, ambako wana wa Esau, watu wa taifa jingine, wanaitwa ndugu. Mafafanuzi ya Kiyahudi hayamfuati yeyote kati yao, kwa sababu huona hapo mfululizo wa manabii wa Israeli kuanzia Yoshua. Kwa kusoma sura nzima, maana ya Kiyahudi ndiyo iliyo karibu zaidi na mkondo wa maneno, maana kifungu kinazungumzia jinsi taifa litakavyojua matakwa ya Mungu bila waganga na wapiga ramli.

Cha pili ni Msaidizi wa Yohana 14 hadi 16. Kwa Kigiriki ni *parakletos*. Hoja ya Kiislamu ni kwamba neno la asili lilikuwa *periklutos*, "mwenye kusifiwa", ambalo kwa Kiarabu lingekuwa Ahmad. Hoja hii ina mvuto masikioni, lakini haina maandishi nyuma yake. Nakala zote za Kigiriki zina *parakletos*, pamoja na mafunjo ya P66 yaliyonakiliwa karibu mwaka 200, karne nne kabla ya Mtume kupata wahyi katika pango la Hira. Wahubiri makini zaidi huliacha neno na kushika maana: Yesu alisema asipoondoka Msaidizi hatakuja, ilhali Roho Mtakatifu, kwa mujibu wa Luka 1, alikwisha kuwapo tangu siku za Zakaria na Elisabeti. Swali hili ni zito kuliko lile la tahajia, na Wakristo hulijibu kwa kutofautisha Roho kuwajia watu wachache na kumwagwa kwake siku ya Pentekoste.

Vingine huenda kwa jiografia. Parani ni jangwa alikokaa Ismaili katika Mwanzo 21. Mwislamu huliweka Maka, na anayempinga hufungua Hesabu 10 na kuonyesha Waisraeli wakipiga kambi hapohapo walipotoka Sinai. Sela ya Isaya 42, inayotajwa pamoja na Kedari, kwa mmoja ni mlima ulioko Madina, kwa mwingine ni mji wa miamba wa Edomu. Na katika Wimbo Ulio Bora 5:16 sauti ya Kiebrania *mahamadim* inakaribia mno jina la Mtume, ingawa neno la shina hilohilo katika Ezekieli 24:16 linamhusu mke wa nabii huyo. Hapa hoja ya sauti inamshinda mwenye hoja.

Hayo yote yalikuwa yamekomaa kwa Kiarabu karne nyingi kabla hayajapata Kiswahili. Pwani ilikuwa na wanazuoni, haikuwa na mpinzani wa kubishana naye. Mmishenari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kufasiri Mwanzo, alisaidiwa na kadhi Mwislamu wa mji, Ali bin Muhidini. Miaka ya 1860 Edward Steere wa misheni ya Waanglikana ya UMCA alianza kutafsiri Injili huko Unguja kwa Kiswahili cha mjini. Mathayo ilitoka mwaka 1869, Agano Jipya zima mwaka 1879. Alihubiri Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, na waliomsikiliza na kumuuliza walikuwa Waislamu waliosoma. Sehemu za tafsiri hiyo zilipanda bara upesi. Katika baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda, mmishenari Alexander Mackay aliyefika mwaka 1878 alisoma Injili za Kiswahili mbele ya wafanyabiashara Waarabu waliomjibu palepale. Kiswahili kilikuwa uwanja wa pamoja, na Mutesa alifurahia ubishi kuliko kuamua.

Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la mmishenari. Waislamu wa pwani hawakuipokea. Shehe al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, msomaji wa jarida la *al-Manar* la Kairo na mwanzilishi wa gazeti la *al-Islah* mwaka 1932, aliona kwamba Uislamu ulikuwa unaelezwa kwa Waswahili na watu wasiouamini. Kupitia duru hizohizo za *al-Manar* ilijulikana pia ile inayoitwa Injili ya Barnaba, iliyofasiriwa kwa Kiarabu mwaka 1908, inayomtaja Muhammad kwa jina lake. Nakala yake ya zamani ni ya Kiitaliano, iko Vienna, na dalili zake za ndani zinaonyesha iliandikwa mwishoni mwa Zama za Kati. Haikuwa ushahidi wa karne ya kwanza, na bado iliuzwa sana.

Waliochukua hatua ya kuufanya ubishi wa Biblia kuwa kazi ya kila siku walikuwa Waahmadiya. Shehe Mubarak Ahmad alifika Afrika Mashariki mwaka 1934 na kuijenga misheni yake Nairobi na Tabora. Gazeti la Kiswahili *Mapenzi ya Mungu* lilianza mwaka 1936, na mwaka 1953 Kurani yao ya Kiswahili ikatoka. Mubarak Ahmad ndiye aliyempa changamoto Billy Graham alipopita Nairobi mwaka 1960, akimtaka washindane kuwaombea wagonjwa. Graham hakuikubali. Mwanafunzi wa Mubarak Ahmad aliyejulikana zaidi, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, akafariki mwaka 1964.

Hapa utabiri uligeuka kuwa moto wa nyumbani. Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, khalifa wa pili wa jumuiya hiyo, alifundisha kuwa Ahmad anayetajwa katika sura ya 61 anamhusu pia baba yake, Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, mwanzilishi wa Ahmadiya. Shehe Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja alishambulia tafsiri ya 1953 katika kijitabu mahsusi, kisha akaifasiri Kurani mwenyewe. Kazi nzima ilichapwa Nairobi mwaka 1969. Kwa hiyo Kurani ya Kiswahili inayopendwa zaidi na Wasuni, ambayo nakala zake zimefika Bujumbura na Kigali, ilizaliwa kwa sehemu katika ugomvi juu ya nani aliyetabiriwa. Biblia ya Muungano, *Union Version*, ilikuwa imetoka mwaka 1952. Kwa mara ya kwanza vitabu vyote viwili vilikuwa vimekamilika katika Kiswahili sanifu, vya kununuliwa na fundi cherehani au kuli wa bandarini. Bila hilo kusingekuwa na mhadhara.

Maneno ya wafasiri yaliwapa wahubiri zana bila wao kujua. *Union Version* iliwaita wakuu 12 watakaozaliwa na Ismaili "maseyidi". Msomaji wa Unguja, aliyewaita masultani wake Seyyid, alipata picha ambayo hakuna msomaji wa Kiingereza angeweza kuipata.

Durban ndiko ulikotoka mtindo wa kuhubiri Uislamu kwa Biblia. Ahmed Deedat, mzaliwa wa India wa mwaka 1918 aliyekulia Afrika Kusini, alifanya kazi dukani karibu na Adams Mission, ambako wanafunzi wa misheni walimwandama kwa maswali. Aliokota kitabu *Izhar al-Haqq* cha Rahmatullah Kairanawi, kilichotokana na mjadala wa Agra wa mwaka 1854 dhidi ya mmishenari Karl Pfander. Kutoka humo alijifunza kujibu Biblia kwa Biblia. Kijitabu chake kuhusu Biblia na Muhammad, cha mwaka 1976, kilizirudisha hoja za al-Tabari katika lugha ya mtaani. Deedat aliitembelea Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuacha hamasa kubwa.

Lakini Tanzania haikumngoja Deedat ili ianze. Shehe Musa Hussein wa Ujiji hutajwa kuwa mwalimu wa kizazi cha kwanza cha wahubiri waliosoma Biblia ya Kiswahili kama silaha. Waliojulikana zaidi ni Musa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba, waandishi wa *Uislamu katika Biblia*. Walihamia viwanja vya Dar es Salaam na chini ya Umoja wa Wahubiri wa Kiislamu wa Mlingano wa Dini, UWAMDI, mhadhara ukapata umbo lake: jukwaa, kipaza sauti, mhubiri na msomaji wake. Mhubiri hutaja kitabu, sura na mstari kwa kichwa. Msomaji huusoma kwa sauti. Mhubiri humkatiza kwenye neno analolitaka, alirudie. Kisha Wakristo hualikwa kuuliza. Hoja ikimbana muulizaji, takbiri hupigwa. Anayesilimu hutamka shahada palepale. Kwa watazamaji wengi vijana, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yao ya kwanza ya Agano la Kale, na Mwislamu wa Kariakoo akawa anajua sura za Kumbukumbu la Torati kuliko jirani yake Mkristo wa jumuiya ndogondogo. Makanisa yaliyolala yaliamka. Vikundi vya Kikristo vilijifunza Kurani kwa namna ileile na kujibu katika viwanja vilevile, mara nyingi vikiongozwa na watu walioritadi.

Kaseti zilifanya kazi kubwa kuliko jukwaa. Ilitosha mmoja kurekodi Dar es Salaam na mwingine kunakili Kigoma. Ziliuzwa nje ya misikiti, zikasafiri kwenye meli na malori. Ujiji tangu karne ya 19 ulikuwa umefungwa na Uzige, eneo lililokuja kuwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kwa biashara ya ziwa, na mtaa wa Buyenzi ulibaki kituo cha Waswahili huko. Kutoka Buyenzi, barabara ya bonde hufika Ruhwa.

Serikali ya Tanzania iliuona mhadhara kama hatari kwa amani. Maaskofu walilalamika kuwa ni kashfa kusema hadharani kuwa Yesu si Mungu. Waislamu walijibu kwamba kusema hivyo ndiyo imani yao, nao hawana namna ya kuitangaza bila kuisema. Malalamiko ya Waislamu hapa yalikuwa na haki, ingawa lugha ya baadhi ya majukwaa ilivuka mipaka ya ubishi wa maandiko. Baada ya mabucha ya nguruwe kuvunjwa Dar es Salaam mwezi Aprili 1993, mkono wa dola ulizidi kuwa mzito. Februari 1998 polisi waliuvamia msikiti wa Mwembechai, na watu wakauawa kwa risasi. Kitabu cha Hamza Njozi juu ya mauaji hayo, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku nchini.

Rwanda ilikuwa na historia yake. Wamisionari Wakatoliki walifika Save mwaka 1900 na Mibirizi, katika Cyangugu, mwaka 1903. Uislamu uliingia na askari wa Wajerumani na wachuuzi Waswahili, na chini ya Wabelgiji waumini walibanwa katika vitongoji vyao, mbali na shule za misheni. Mpaka mwaka 1964, jumuiya yao ya kitaifa ilipoundwa, hawakuwa na nafasi ya kuhoji Biblia ya mtu. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalibadilisha mambo zaidi. Waislamu wengi walisifiwa kwa kuwaficha waliowindwa, huku makanisa kadhaa yakiwa yamegeuka machinjio, na Wanyarwanda wengi walisilimu. Waliosilimu walitoka kwenye nyumba za Wakatoliki na Waprotestanti na waliijua Biblia tangu utotoni. Kwao hoja ya Msaidizi haikuwa ubishi wa wengine. Ilikuwa njia ya kueleza kwa mama na kaka kwa nini walihama bila kulitupa kila walilofundishwa.

Hata hivyo mhadhara wa wazi haukupata Rwanda uwanja ulioupata Dar es Salaam. Waislamu walikuwa karibu asilimia 2 ya wakazi kwa sensa ya 2012, na nchi iliyotoka kwenye mauaji iliogopa kila maneno ya kugawa watu. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya dini iliweka mikutano ya nje chini ya kibali. Bugarama, kwenye tambarare ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, ina Waislamu wengi na Kiswahili kingi kuliko tarafa nyingi za nchi, na mjadala huko umekaa mahali pake pa zamani, yaani dukani, karakanani na barazani.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, Ruhwa ikiwamo. Mihadhara ya Dar es Salaam, ambayo zamani ilihitaji lori na kaseti, sasa hupita juu ya daraja la Ruhwa kwa simu, na neno "ndugu" la Kumbukumbu la Torati 18 bado halijapata mshindi.